Kulipwa vizuri kwa kufundisha Kiingereza bila kuhama nchi

Mwalimu mwenzangu,

Umeandika kwamba una shahada ya ualimu, umefundisha Kiingereza katika kituo cha lugha kwa miaka sita, unaingia darasani saa 24 kwa juma, unalipwa kwa saa, na katika miezi miwili ya likizo kila mwaka hulipwi chochote. Kiingereza si lugha yako ya kwanza. Umeuliza mambo matatu: kama kuna kazi ya kufundisha lugha hii yenye malipo ya maana ndani ya nchi yako mwenyewe au ni lazima uhame; kama utoe akiba yako yote kulipia cheti cha kimataifa; na kama ni busara kuacha kituo ukafundishe kwa njia ya mtandao. Nitayajibu yote, ila swali la kwanza nitalikalia zaidi, kwa sababu ndilo linalobeba mengine.

Kazi hiyo ipo, na ipo karibu kila nchi ambamo Kiingereza kinahitajika kazini. Lakini hutaipata kwa kutoka kituo kimoja na kuingia kingine kinachofanya kazi ileile. Vituo vinavyofundisha Kiingereza cha jumla hugombea wanafunzi walewale kwa kupunguza ada, na ada ikishuka, kinachofuata kushuka ni malipo ya mwalimu. Malipo hupanda pale ambapo mwanafunzi, au yule anayemlipia, atapoteza kitu kikubwa akikosa Kiingereza: leseni ya kazi, nafasi ya chuo, mkataba wa biashara, usalama wa abiria. Katika miaka yangu ya kufundisha, na baadaye ya kuwaajiri walimu, sijaona mwalimu aliyepandishiwa malipo kwa sababu tu anakijua Kiingereza kuliko wenzake. Nimewaona wengi waliopandishiwa kwa sababu walijua mwanafunzi wao anakwenda kukitumia wapi, mbele ya nani, na kitu gani kitaharibika akikosea.

Kabla ya kutafuta popote, piga hesabu ya saa yako halisi, maana kiwango kinachotangazwa kwa saa hudanganya. Unafundisha saa 24. Tuseme unatumia saa 10 kuandaa masomo na kusahihisha, na saa nyingine nane njiani na kusubiri kati ya kipindi na kipindi. Juma lako la kazi ni saa 42, nawe unalipwa saa 24, yaani kila saa unayolipwa imebeba saa moja na dakika 45 za kazi. Ukiongeza ile miezi miwili isiyolipwa, kiwango ulichoahidiwa kinabaki chini ya nusu yake. Ndiyo maana nafasi ya mshahara wa mwezi, yenye likizo inayolipwa, bima ya afya na michango ya uzeeni, inaweza kuonekana ndogo kwenye tangazo na bado ikawa bora mara mbili ya hiyo uliyonayo. Fanya hesabu hiyo kwa kila kazi utakayoifikiria, hata ile inayokuvutia sana.

Kwa nafasi za mshahara wa mwezi, mahali pa kutazama kwanza ni vyuo vikuu vyenye idara za stadi za mawasiliano, ambako wanafunzi hufundishwa kuandika insha na ripoti za kitaaluma, na shule za kimataifa. Vyuo vikuu kwa kawaida vitakudai shahada ya uzamili, hivyo hiyo ni njia ya miaka na si ya miezi. Shule za kimataifa hutafuta kwanza sifa kamili ya ualimu pamoja na uzoefu darasani, na shahada yako ya ualimu ina uzito zaidi huko kuliko cheti cha kufundisha wageni lugha. Ila soma mkataba kwa makini. Shule nyingi za aina hiyo zina mikataba ya namna mbili, mmoja wa mwalimu aliyeletwa kutoka nje na mwingine wa mwalimu aliyeajiriwa nchini, na tofauti yake hukaa kwenye nyumba, nauli za ndege na ada za watoto. Uliza waziwazi, kabla ya kutia saini, ni mkataba upi unaopewa na kwa kigezo gani.

Eneo ambalo naliona kuwa na nafasi zaidi kwa mtu wa hali yako ni Kiingereza cha kazi maalumu, nalo nitalieleza kwa mifano.

Chukua urubani. Tarehe 27 Machi 1977 ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia huko Tenerife, kisiwa cha Hispania, na watu 583 wakafa. Kutoelewana kwa maneno kwenye redio kulikuwa mojawapo ya sababu. Ajali hiyo na nyingine zilizofuata ndizo zilizolisukuma Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, kuweka viwango vya lugha vilivyoanza kutumika Machi 2008. Rubani wa safari za kimataifa na mwongoza ndege wanapimwa matamshi, sarufi, msamiati, ufasaha, uelewa na uwezo wa kujibizana, kwenye ngazi 1 hadi 6, na alama ya mwisho ni ile ya chini kabisa kati ya hizo sita. Ngazi ya 4 ndiyo ya chini inayokubalika, na aliye kwenye ngazi hiyo anatakiwa kupimwa upya kila miaka mitatu. Aliye ngazi ya 5, kila miaka sita. Ukitazama mpangilio huo kama mwalimu, utaona kwamba kuna watu ambao kazi yao inategemea kurudi kwenye Kiingereza kila baada ya muda unaojulikana, na waajiri wao wanajua gharama ya rubani asiyeweza kuruka. Soko hilo ni dogo na huwezi kuliingia bila kushirikiana na mtu wa fani yenyewe, basi sikuambii ulikimbilie kesho. Nimelitaja kwa sababu linaonyesha kwa uwazi kabisa pesa inatoka wapi.

Mfano ulio karibu zaidi na walimu wengi ni wahudumu wa afya. Mtihani wa OET, unaopima Kiingereza cha wahudumu wa afya wanaotaka kufanya kazi katika nchi zinazotumia lugha hiyo, ulianzia Australia na una matoleo ya fani 12 za afya, wakiwemo wauguzi, madaktari, wafamasia na wataalamu wa tiba ya viungo (fiziotherapia). Katika sehemu ya kuandika, mtahiniwa hupewa kumbukumbu za mgonjwa, anasoma kwa dakika tano, kisha ana dakika 40 za kuandika barua, mara nyingi ya rufaa, yenye maneno kati ya 180 na 200 hivi.

Niliwahi kukaa na muuguzi aliyeshindwa sehemu hiyo mara mbili, ingawa sarufi yake ilikuwa nzuri kuliko ya wengi niliowafundisha. Nilimpa kumbukumbu za mgonjwa aliyevunjika nyonga na kumwomba aandike barua kwa mtaalamu wa viungo atakayempokea. Aliandika kila kitu, kwa mpangilio wa tarehe, tangu mgonjwa alipoanza kutumia dawa za shinikizo la damu miaka mingi nyuma. Mahali pa kusema kwamba mgonjwa hawezi kupanda ngazi bila kushikwa, na kwamba nyumbani anaishi peke yake, palikuwa aya ya mwisho, nusu sentensi. Hatukugusa sarufi siku hiyo. Nilimkabidhi kalamu nyekundu na kumwambia asome barua yake kama yeye ndiye mtaalamu wa viungo, mwenye dakika mbili kabla ya mgonjwa kuingia, akate kila sentensi isiyomsaidia. Alikata zaidi ya nusu ya barua. Kisha tukaanza upya kutokea mwisho. Saa kama ile haifanani na saa ya mazoezi ya nyakati za vitenzi, na mwanafunzi anaijua tofauti hiyo hata kabla ya kupata matokeo. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniletea wauguzi wanne waliofuata.

Angalia pia kwamba mimi niliona tatizo lake haraka kwa sababu tulikuwa na lugha moja ya nyumbani. Katika lugha hiyo mtu mwenye adabu hueleza habari tangu chanzo, na kuanza na jambo lenyewe huonekana ukali. Yeye alikuwa akiandika kwa adabu ya nyumbani ndani ya sarufi ya Kiingereza. Mwalimu asiyeijua lugha hiyo angeweza kuiona barua kuwa ndefu, ila angechelewa kujua kwa nini. Hilo linanipeleka kwenye jambo ulilolitaja kwa uchungu, matangazo yanayotaka wazawa wa Kiingereza tu, yaani watu ambao Kiingereza ni lugha yao ya kwanza.

Uchungu wako una haki. Chama cha kimataifa cha walimu wa Kiingereza, TESOL, kilitoa tamko mwaka 2006 kupinga ubaguzi dhidi ya walimu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kabla ya hapo, mwaka 1992, mwanaisimu Robert Phillipson alikuwa ameiita imani kwamba mwalimu bora ni mzawa wa lugha kuwa ni upotofu. Matangazo hayo bado yapo. Ushauri wangu ni kwamba usipoteze nguvu zako kwa mwajiri anayeuza sura ya mwalimu. Nenda kwa mteja anayenunua matokeo, kwa kuwa huyo atakuuliza swali tofauti. Na uwe na jibu lisilobishaniwa kuhusu Kiingereza chako mwenyewe. Mwaka 1913 bodi ya mitihani ya Chuo Kikuu cha Cambridge ilipoanzisha mtihani wa umahiri wa Kiingereza, iliwalenga wageni waliotaka kuthibitisha kwamba wanaijua lugha vya kutosha kwenda kuifundisha katika shule za nje ya Uingereza. Watahiniwa walikuwa watatu, mtihani ulichukua saa 12, na hakuna hata mmoja aliyefaulu. Mtihani huo bado upo hadi leo, katika ngazi ya C2, iliyo ya juu kabisa kwenye kipimo cha Ulaya cha lugha kinachopanda kutoka A1, A2, B1, B2 na C1. Ninaona fahari kwamba shina lake ni mtu kama wewe. Ukiwa na uthibitisho wa C1 au C2 kutoka mtihani unaotambulika, mazungumzo kuhusu uzawa wako huwa mafupi sana.

Sasa kampuni. Hapa ndipo walimu wengi wanapokosea bei, kwa sababu wanauza saa. Ofisi ya utumishi ya kampuni inapokuita, mara nyingi itakuambia inataka wafanyakazi wake wapande kutoka B1 hadi B2 kwa miezi mitatu, saa mbili kwa juma. Usikubali. Makadirio ya Cambridge ni kwamba mtu hufika B1 baada ya saa 350 hadi 400 za kufundishwa, na B2 baada ya saa 500 hadi 600. Kati ya ngazi hizo kuna saa kama mia moja na hamsini hadi mia mbili. Saa mbili kwa juma kwa miezi mitatu ni kama saa 26. Ukiahidi kisichowezekana utapata kandarasi ya kwanza na hutapata ya pili.

Kinachowezekana kwa saa 26, na ambacho kampuni italipia kwa moyo, ni jambo moja lenye mipaka. Omba barua pepe tano za karibuni ambazo wafanyakazi wamewaandikia wateja wa nje, majina yakiwa yamefutwa, na uombe kusikiliza mkutano mmoja. Utakuta kitu. Niliwahi kukuta timu nzima ya wahasibu ambayo kila ilipomdai mteja malipo yaliyochelewa iliandika sentensi ya amri, kwa kuwa hiyo ndiyo sentensi waliyoijua, na wateja wakakasirika. Mafunzo yaliyofuata yalihusu kudai deni kwa maandishi na kwa simu, na mwisho wake mkuu wa idara aliweza kuweka barua za mwanzo na za mwisho mezani na kuona tofauti kwa macho yake. Kazi ya namna hiyo hulipwa kwa programu nzima: mahojiano ya mahitaji, vipindi, zana ulizoandaa, ripoti ya mwisho. Bei yake ihesabu saa zote, zikiwemo zile ambazo leo unazitoa bure.

Andika makubaliano kabla ya kipindi cha kwanza. Mimi niliwahi kufundisha majuma kumi na moja kwenye kampuni moja kwa makubaliano ya mdomo. Vipindi vilivyoahirishwa dakika za mwisho havikulipwa, na ankara yangu ya mwisho ilikaa miezi mitano. Kosa lilikuwa lao, lakini mlango niliuacha wazi mimi. Tangu hapo mkataba wangu husema kwamba kipindi kinachoahirishwa chini ya saa 24 kinalipwa kamili, kwamba sehemu ya ada hulipwa kabla ya kuanza, na kwamba idadi ya wanafunzi haizidi 12. Chunguza pia kodi na usajili unaotakiwa na sheria za nchi yako kwa mtu anayetoa huduma kwa jina lake, kwa sababu kampuni nyingi hazitaweza kukulipa bila hati hizo.

Kuhusu cheti. CELTA ya Cambridge na mwenzake wa Trinity College London, CertTESOL, ni vyeti vya kimataifa vya kufundisha Kiingereza vyenye heshima kwa sababu moja kubwa: ndani ya mafunzo yasiyopungua saa 120, unafundisha saa sita mbele ya wanafunzi halisi huku mkufunzi akikutazama na kukupima. Vyeti vingi vinavyouzwa kwa bei rahisi mtandaoni hutaja zile saa 120 bila zile sita, na mwajiri anayejua kazi yake ataangalia kwanza hizo sita. Lakini wewe una shahada ya ualimu na miaka sita darasani. CELTA imeundwa hasa kwa anayeanza, na ingawa ungejifunza kitu, sioni sababu ya kumaliza akiba yako yote kwa ajili yake isipokuwa mwajiri mahususi, kwa jina, amekuambia kwamba bila hicho hakuchukui. Fanya uchunguzi huo kwanza: kusanya matangazo ishirini ya nafasi ambazo kweli ungezitaka, ndani ya nchi yako, uandike sifa zinazojirudia. Ikiwa cheti kinatajwa kwenye mawili, subiri. Kikitajwa kwenye kumi na tano, kilipie. Kwa mtu wa uzoefu wako, fedha hiyo huenda ikafanya kazi zaidi kwenye mtihani wa kuthibitisha Kiingereza chako, au baadaye kwenye DELTA, stashahada ya Cambridge iliyo juu ya CELTA, ambayo ni ya walimu walio kazini na ndiyo hufungua nafasi za kuwasimamia na kuwafundisha walimu wengine.

Kuhusu mtandao, jibu langu ni la tahadhari. Jukwaa linalokuunganisha na wanafunzi wa dunia nzima linakuunganisha pia na washindani wa dunia nzima, na bei huwekwa na yule anayeweza kuishi kwa kidogo zaidi. Tena huna mamlaka juu yake. Julai 2021 serikali ya China ilizuia biashara ya masomo ya ziada ya shule na kupiga marufuku kampuni zake kutumia walimu wa kigeni walioko nje ya nchi, na walimu wengi waliokuwa wakiishi kwa kazi hiyo waliipoteza ndani ya muda mfupi, bila kosa lolote la kwao. Tumia mtandao kuwafikia wauguzi au wahasibu wa nchi yako mwenyewe wanaoishi mbali nawe, ambao unaijua lugha yao na mitihani inayowasubiri. Hapo inakuondolea zile saa nane za njiani, na bei unaiweka wewe.

Basi usiache kituo mwezi huu. Soma kwanza mkataba wako uone kama una kifungu kinachokukataza kuwafundisha wanafunzi wa kituo nje ya kituo, na muda wa notisi unaodaiwa. Kama kifungu hicho kipo, kiheshimu, na utafute wanafunzi wako mahali pengine. Omba kupunguziwa vipindi hadi saa 18 badala ya 24, ukisema ukweli kwamba unataka muda wa kujiendeleza. Saa sita zitakazobaki, pamoja na maandalizi yake, zinatosha kulea kundi moja la watu watano au sita wa fani moja. Chagua fani ambayo tayari una mtu wa kukufungulia mlango: ndugu aliye muuguzi, rafiki aliye kwenye uhasibu, mwanafunzi wako wa zamani aliyeajiriwa hotelini. Mwombe mtu huyo saa moja ya muda wake, akuonyeshe kila kitu alichokisoma, alichokiandika na alichokisema kwa Kiingereza kazini ndani ya juma lililopita, nawe uandike tu, bila kusahihisha chochote.

Ukishakuwa na karatasi hizo, niandikie tena ukinitajia fani uliyochagua, nikusaidie kupanga vipindi kumi vya kwanza na bei yake.